SINDANO YA KISUKARI NYUMBANI: MIKONO SAFI NA HESABU YA KWELI

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa na mfasiri wa Serikali mbele ya wananchi wa sehemu za Chania, waliokusanyika kutoka Thika na Ruiru. Twayachapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



  Kabla sijaendelea, yafaa niwaambie ya kwamba mimi si daktari wala si muuguzi. Kazi yangu ni kufasiri. Huyachukua maneno ya wataalamu yaliyoandikwa kwa Kiingereza, nikayatia katika Kiswahili ili kila mtu ayafahamu. Nimekuja leo kwa sababu ya neno moja nililolifasiri vibaya, na kosa hilo nusura limwue mtu. Habari hiyo nitawasimulia itakapofika mahali pake. Kwanza tuanze na mambo yenyewe.

SINDANO NA HISTORIA YAKE

Sindano si jambo geni katika nchi hii. Katika miaka ya 1920 watu wengi wa Kenya walimiminika kwenye vituo vya matibabu ili wachomwe sindano za buba, maana waliona kwa macho yao vidonda vikipona. Lakini sindano ile ilikuwa ya daktari. Mgonjwa alitoa mwili wake, akachomwa, akarudi nyumbani. Hakuulizwa ni dawa kiasi gani, wala hakuambiwa namna ya kuishika sindano.

Sindano ya kisukari ni tofauti. Hii hufuata mgonjwa mpaka nyumbani, ikakaa karibu na kitanda chake, na mara nyingi anayeichoma ni mke, au mwana, au mjukuu, au mgonjwa mwenyewe. Wengine huchoma mara moja kwa siku, wengine mara mbili, wengine mara nne. Kwa hiyo nyumba yenyewe imekuwa zahanati ndogo, na hapana budi watu wa nyumba hiyo wajue kazi ya zahanati.

Dawa tunayoizungumzia ni insulini. Katika mwili wa mtu mzima wa afya, insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilichopo nyuma ya tumbo la chakula. Kazi yake ni kuiwezesha sukari iliyomo katika damu kuingia katika nyama na viungo vingine vya mwili ili ilete nguvu. Insulini ikikosekana, sukari hujaa katika damu huku mwili wenyewe unakufa njaa. Mtu huona kiu kisichokwisha, hukojoa mara kwa mara, naye hukonda ijapokuwa anakula.

Zamani mtoto aliyepatwa na aina ya kisukari inayoondoa insulini yote mwilini alikuwa hana tumaini. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya Profesa John Macleod, walifaulu kutoa insulini katika kongosho za wanyama. Tarehe 11 Januari 1922 kijana mmoja wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, alichomwa dawa hiyo. Haikumsaidia kitu, kwa sababu ilikuwa na uchafu mwingi ndani yake. Ndipo mwenzao James Collip alipofanya bidii kuisafisha, na tarehe 23 Januari kijana yule akachomwa tena. Mara hii sukari yake ilishuka, akapata nguvu, akaishi miaka 13 zaidi. Basi mwaona ya kwamba tangu mwezi wa kwanza wa dawa hii, usafi ulikuwa sehemu ya dawa yenyewe.

Watu wengi huniuliza, "Kwa nini isimezwe kama vidonge vingine?" Jibu ni jepesi. Tumbo haliwezi kutofautisha insulini na nyama au maharagwe. Likiipata litaisaga kama chakula, isifike katika damu. Ndiyo maana hupitishwa katika ngozi.

Tena yafaa tujue ya kwamba wako wengi wenye ugonjwa huu wasiojijua. Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015, miongoni mwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69, ulionyesha ya kuwa karibu watu 88 katika kila 100 walikuwa hawajapata kupimwa sukari hata mara moja. Mtu asipopimwa, ataanzaje kutibiwa?

KUPIMA DAMU

Mashine ya kupimia sukari ni ndogo, huenea katika kiganja cha mkono. Lakini mashine haina akili, husoma kile inachopewa. Ikipewa damu, husoma damu. Ikipewa damu iliyochanganyika na maji ya nanasi, husoma vyote viwili, wala haitakuambia.

Nawataja mananasi kwa kusudi, maana tuko Thika, na hakuna asiyejua mashamba yetu. Mwaka 2011 wataalamu wa Kijapani walitangaza habari za jaribio lao. Waliwapa watu wasio na kisukari matunda wayamenye kwa mikono, kisha wakapima damu ya vidole vile vile. Mashine zilitoa hesabu za juu mno, kana kwamba watu wale ni wagonjwa. Walipoosha mikono kwa maji ya bomba, hesabu zilirudi kuwa za kweli. Lakini ajabu ni kwamba wale waliopanguswa kidole kwa spiriti tu, hata mara tano, bado hesabu zao zilikuwa za uongo. Fikirini basi mama aliyetoka kumenya nanasi au embe, akapima, akaona hesabu kubwa, akaongeza dawa kwa hofu. Amejitia hatarini kwa sababu ya maji ya tunda.

Basi utaratibu wa kupima ni huu.

Kwanza, osha mikono kwa sabuni na maji, uifute mpaka ikauke. Maji yakibaki kidoleni huifanya damu kuwa nyepesi. Ukiwa na maji ya uvuguvugu ni vizuri zaidi, kwa maana huivuta damu kuja mbele.

Pili, tazama kijikaratasi cha kupimia, ambacho wengi hukiita stripu. Soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu ya kichupa chake. Ukiisha toa kimoja, funga kifuniko mara moja, kwa kuwa unyevu wa hewa huviharibu vilivyobaki.

Tatu, choma kidole pembeni mwa ncha yake, si katikati. Katikati ndipo panapoumia zaidi, tena ndipo tunaposhikia jembe, kalamu na sindano ya kushonea. Badilisha vidole, usionee kimoja.

Nne, uteremshe mkono chini, uukande taratibu kuelekea kwenye ncha. Usikikamue kidole kwa nguvu kama mtu akamuaye ng'ombe, kwani utatoa maji ya nyama pamoja na damu, na hesabu itaharibika.

Tano, gusisha tone la damu kwenye ncha ya kijikaratasi, ungoje hesabu, uiandike katika daftari pamoja na saa, na kama ni kabla ya chakula au baada ya kula. Hesabu isiyoandikwa ni kama deni lisiloandikwa. Hata wakweli hubishana.

Hapa Kenya mashine nyingi husoma kwa kipimo kiitwacho milimoli katika lita moja. Ziko nyingine zisomazo kwa miligramu katika desilita moja. Ukizidisha hesabu ya kwanza kwa 18 utapata ya pili. Kwa hiyo mtu akisikia sukari ya jirani ni 126 na yake ni 7, asidhani jirani amekwisha kufa. Hesabu hizo mbili ni sawasawa. Tena mashine ikionyesha herufi HI, hiyo si salamu. Maana yake ni kwamba sukari imepanda kupita hesabu inayoweza kusomwa na mashine, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia. Ikionyesha LO, sukari imeshuka mno, na hatari iko mlangoni.

Neno la mwisho juu ya kupima ni kwamba kisindano cha kutobolea kidole ni cha mtu mmoja peke yake. Najua vifaa hivi vina gharama, na katika nyumba yenye wagonjwa wawili huonekana ni busara kushirikiana. Si busara. Damu kidogo isiyoonekana kwa macho yaweza kuchukua ugonjwa wa ini au virusi vya Ukimwi kutoka kwa mmoja mpaka kwa mwenzake. Mume na mke hushirikiana mengi, lakini hili wasishirikiane.

YUNITI SI MSTARI

Sasa nafika kwenye habari niliyowaahidi.

Insulini hupimwa kwa yuniti. Miaka michache iliyopita nilipewa karatasi ya maagizo ya sindano ili niifasiri. Nikaona neno hilo yuniti ni gumu kwa mtu wa shamba, nikatafuta neno jepesi. Mezani kwangu palikuwa na bomba dogo la sindano nililoazimwa nilitazame, na katika bomba lile kila mstari mmoja ulikuwa yuniti moja. Nikafurahi, nikaona nimepata. Kila palipoandikwa yuniti, mimi nikaandika "mistari". Karatasi ikapigwa chapa, ikagawanywa.

Karatasi moja ikafika katika nyumba ya mama mmoja mzee, si mbali na mto huu wa Chania. Alikuwa ameandikiwa yuniti 12 kila asubuhi. Mjukuu wake, kijana wa shule, ndiye aliyekuwa akimchoma, naye alifuata karatasi yangu neno kwa neno. Siku moja mabomba madogo yalikuwa yamekwisha dukani, akauziwa makubwa. Akahesabu mistari 12, kama nilivyomwagiza. Lakini katika bomba kubwa la yuniti 100, lile alilouziwa, mstari mmoja mdogo ni yuniti mbili. Akamchoma nyanya yake yuniti 24.

Ilipofika saa nne ya asubuhi mama yule alianza kutoka jasho jingi. Mikono ikatetemeka, akawa anasema maneno yasiyo na maana. Jirani mmoja akasema ni malaria, mwingine akataka aitwe mchungaji aje kumwombea. Kijana, ambaye siku ile hakwenda shule, akaenda kuleta mashine, akapima, akaona 2.3. Akakumbuka maneno ya muuguzi, akakoroga sukari katika maji, akamnywesha nyanya yake kidogo kidogo, maana alikuwa bado anaweza kumeza. Baada ya dakika chache akili zikamrudia, akauliza kwa nini watu wamejaa nyumbani kwake.

Nilipopata habari nilikwenda kumwomba radhi. Nikamkuta kijana yule ameketi nje. Alikuwa amekataa kushika sindano tena, na jirani alikuwa akiitwa kila asubuhi kufanya kazi hiyo. Nikamwambia yule mzee, "Mama, kosa si la mjukuu wako. Ni langu mimi."

Akanitazama kitambo, akasema, "Mwanangu, mimi sijui kusoma. Yeye alisoma, nami nikamwamini. Yeye naye alikuamini wewe. Basi enda ukaandike vizuri."

Karatasi zile zilikusanywa, nami nikaandika upya. Lakini kabla ya hapo tuliketi sisi watatu na mabomba mawili, dogo na kubwa, na kikombe cha maji. Tukapima yuniti 12 kwa hili na kwa lile, tena na tena, mpaka kijana akaona kwa macho yake ya kwamba maji ni kiasi kile kile ingawa mistari si sawa. Siku ya tatu alimchoma nyanya yake mwenyewe.

Basi nawasihi, mlishike neno hili. Usihesabu mistari, soma tarakimu zilizoandikwa juu ya bomba. Kila upatapo bomba jipya, uliza, "Mstari mmoja ni yuniti ngapi?" Tena kichupa kikiandikwa U-100, yaani yuniti 100 katika mililita moja, bomba nalo liandikwe U-100. Na kiasi cha dawa ni neno la daktari. Asikiongeze wala kukipunguza jirani, wala duka, wala mfasiri.

NAMNA YA KUCHOMA

Osha mikono. Soma jina la dawa na tarehe yake. Insulini iliyo nyeupe kama maji ya mchele, kwa mfano ile ya mchanganyiko wa 70/30, izungushwe taratibu katikati ya viganja mara kumi, na kupinduliwa mara kumi, mpaka iwe na rangi moja. Usiitikise kwa nguvu. Ile iliyo angavu kama maji ikionekana ina ukungu au vipande, usiitumie.

Pangusa mpira wa kichupa. Vuta hewa katika bomba kwa kiasi cha dawa utakayotoa, uisukume ndani ya kichupa, kisha kipindue juu chini na kuvuta dawa. Ukiona mapovu, ligonge bomba kwa kidole, uyarudishe, uvute tena mpaka hesabu iwe kamili.

Mahali pa kuchoma ni tumboni, mbali na kitovu kwa kiasi cha vidole vitatu, au ubavuni mwa paja kwa nje, au nyuma ya mkono juu ya kiwiko, au matakoni. Dawa hii huenda katika mafuta yaliyo chini ya ngozi, si katika msuli wala katika mshipa wa damu. Shika mkunjo wa ngozi kwa vidole viwili, ingiza sindano wima. Kwa mtoto au mtu mwembamba, ingiza kwa mshazari. Sukuma dawa polepole, hesabu mpaka kumi, ndipo uitoe. Usisugue.

Kila siku sogea kidogo kutoka mahali pa jana. Watu wengi hupenda kuchoma mahali pamoja kwa kuwa pamekwisha kufa ganzi. Lakini hapo hufanyika kinundu laini, na dawa ikiingia katika kinundu hicho, leo hutoka nyingi, kesho kidogo, na mgonjwa hulaumu dawa.

SUKARI IKISHUKA

Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafula, moyo kwenda mbio, hasira isiyo na sababu, usemi kuvurugika, hizo ndizo dalili. Hesabu ikiwa chini ya 4, usingoje. Mpe mgonjwa vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji, ungoje dakika 15, umpime tena. Ikiwa bado iko chini, mpe tena. Akiisha pata nafuu, ale chakula. Lakini mtu aliyezimia asitiwe kitu chochote kinywani, maana kitamwingia mapafuni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

KUTUNZA DAWA NA KUTUPA SINDANO

Si kila nyumba ina friji, na watu wengi huvunjika moyo kwa sababu hiyo. Hapana haja. Kichupa kinachotumika kwa kawaida chaweza kukaa nje ya friji majuma manne mahali penye ubaridi. Habari njema zaidi zilitoka katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 2021 madaktari wa shirika la Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza uchunguzi wao uliofuata hali ya joto katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Waliona ya kwamba insulini iliyokaa majuma manne katika joto lililopanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 ilibaki na nguvu karibu sawa na ile ya friji. Ikiwa Dadaab yawezekana, kwetu kandokando ya Chania itashindikanaje? Itie dawa katika mfuko usiopenya maji, uiweke ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa nje, kivulini. Usiiweke karibu na jiko, wala dirishani penye jua, wala chini ya bati. Na mwenye friji asiitie penye barafu, kwani insulini iliyoganda haifai tena.

Sindano iliyokwisha tumika iingie mara moja katika chombo kigumu cha plastiki chenye kifuniko, kama kile cha sabuni ya maji. Kikikaribia kujaa, kipelekwe zahanati au hospitali. Usiitupe katika jalala ambamo watoto wa watu huokota vitu, wala mtoni.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, mambo niliyowaambia ni madogo madogo: kuosha kidole, kusoma tarakimu, kusogea kidogo kutoka mahali pa jana, kuandika katika daftari. Hakuna hata moja linalohitaji nguvu au elimu kubwa. Lakini mama yule mzee yu hai kwa sababu mjukuu wake alijua kupima na kukoroga sukari, naye alikuwa karibu kufa kwa sababu mimi niliona neno moja ni dogo, nikalipuuza. Rudini nyumbani mkalitazame bomba lenu la sindano, mkaulizane mstari mmoja ni yuniti ngapi. Asiyejua na aende akaulize zahanati kabla ya sindano ya kesho.